Kompyuta ya Zamani, Mfumo Mpya: Nani Ahame, na Ahamie Wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mfumo huo endeshi ulitoka Julai 2015, ukadumu miaka kumi, na siku ulipofikia ukomo ulikuwa bado umo ndani ya mamilioni ya kompyuta duniani. Hakuna kompyuta iliyozimika usiku ule. Steshenari za Dar es Salaam na saiba za Nairobi ziliamka na kazi zake za kila siku, wahasibu wakaendelea na hesabu zao na wanafunzi na tasnifu zao. Kwa kuwa hakuna kilichozimika, wengi waliona hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo hatari ilipo.

Swali ambalo mafundi huulizwa kila kukicha ni hili: mashine yangu inapokea Windows 11? Ni swali la haki, ila halitoshi. Ipo mashine inayopokea Windows 11 na bado ikawa wazi kwa wezi, na ipo mashine iliyokataliwa na Microsoft ambayo ina miaka mingi ya kazi mbele yake. Kipimo kinachofaa kutangulia ni kingine: je, mfumo uliomo ndani ya kompyuta hiyo unapata masasisho ya usalama kila mwezi, na mwenye kompyuta anayaacha yaingie? Ukikishika kipimo hicho, maamuzi mengine yote hufuata kwa utaratibu, iwe ni kuhama, kubaki, kulipia muda wa ziada au kuachana na Windows kabisa.

Nini hasa hukoma

Kila mfumo endeshi una mianya. Watafiti huigundua, wezi nao huigundua, na kazi ya mtengenezaji ni kuiziba kabla haijatumiwa. Tangu mwaka 2003 Microsoft imekuwa ikitoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Huduma inapokoma, Jumanne hiyo hupita bila kiraka. Mianya inaendelea kugunduliwa, ila hakuna anayeiziba.

Kuna jambo jingine ambalo asiye fundi halioni kwa urahisi. Kiraka kinapotoka, wavamizi hukichambua. Hulinganisha faili la zamani na jipya ili wajue ni mwanya gani uliozibwa. Windows 10 na Windows 11 zina asili moja na zinatumia sehemu kubwa ya programu zilezile za ndani. Kwa hiyo kiraka kilichotolewa kwa ajili ya Windows 11 kinaweza kumwonyesha mvamizi mahali pa kupenya kwenye Windows 10 iliyoachwa. Hatari haiji yote siku moja. Hujilimbikiza mwezi hadi mwezi.

Wapo wanaojituliza kwa kuwa na programu ya kuzuia virusi. Ni kweli kwamba Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender, programu yake ya kuzuia virusi, taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na programu za Microsoft 365 nazo zitapata viraka vya usalama hadi mwezi huo. Vivinjari pia huwa haviondoki haraka: Windows 7 iliachwa Januari 2020, lakini Chrome iliendelea kuihudumia hadi mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho. Yote hayo husaidia. Hata hivyo, kizuia virusi hukaa juu ya mfumo endeshi, na mwanya uliomo ndani ya mfumo wenyewe hauzibwi na programu iliyo juu yake.

Mfano wa kukumbukwa ni WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilianza kusambaa, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo ili yafunguliwe. Nchini Uingereza, hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji wa wagonjwa. Kiraka cha kuziba mwanya ule kilikuwa kimeshatoka tangu 14 Machi mwaka huohuo. Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo bado ulikuwa unapata viraka vya usalama. Zilipigwa kwa sababu wenyewe hawakuweka kiraka kilichokuwa kinawasubiri.

Funzo hilo linatugusa moja kwa moja huku Afrika Mashariki, ambako watu wengi huzima masasisho kwa makusudi ili yasimalize bando. Linawagusa pia wanaotumia Windows iliyochakachuliwa, kwa kuwa programu nyingi za kufungulia leseni kwa wizi humtaka mtumiaji azime Defender kwanza, na baadhi huzuia masasisho kabisa. Mtu wa namna hiyo akihamia Windows 11 atakuwa amebadilisha sura ya skrini tu.

Masharti ya Windows 11

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Masharti yake kwenye karatasi yanaonekana mepesi: prosesa ya biti 64 yenye kasi ya GHz 1 na viini viwili, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, mfumo wa kuwashia wa UEFI wenye uwezo wa Secure Boot, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Chipu hiyo hutunza funguo za siri, zikiwemo zile za kufungua diski iliyofichwa kwa msimbo, na husaidia kuthibitisha kwamba hakuna aliyechezea hatua za kuwaka kwa kompyuta.

Kikwazo kikubwa hakimo katika namba hizo. Kimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa upande wa Intel, orodha huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni kuanzia 2017. Kwa upande wa AMD, huanzia kwenye Ryzen za mfululizo wa 2000, na hapo tena si zote. Tangu katikati ya 2016 Microsoft iliwataka watengenezaji waweke TPM 2.0 kwenye kompyuta mpya za Windows 10, hivyo mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba zina chipu hiyo, lakini hukwama kwenye prosesa.

Microsoft ilitoa sababu zake. Ilisema inataka ulinzi unaotenga sehemu nyeti za mfumo ndani ya kumbukumbu, kazi ambayo prosesa za zamani huifanya kwa kulemewa. Ilisema pia kwamba katika majaribio yake, kompyuta zisizotimiza masharti zilipata mianguko ya kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi ya zile zilizotimiza. Hoja hizo zina uzito. Lakini mstari wenyewe haukuchorwa na ufundi peke yake. Prosesa za Intel za kizazi cha saba zina uwezo wa kifaa unaorahisisha ulinzi huo, na bado karibu zote zilikataliwa. Miongoni mwa chache zilizoruhusiwa ni Core i7-7820HQ, iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta iliyouzwa na Microsoft yenyewe. Mtu aliyenunua mashine nzuri mwaka 2017 ana haki ya kulalamika kwamba imetangazwa kuwa ya zamani huku ikifanya kazi zake zote.

Soma namba kabla ya kutoa fedha

Kwa wanunuzi wa kompyuta za mtumba, habari hii ni ya fedha taslimu. Kampuni na ofisi za Ulaya na Marekani zinapobadilisha mashine zake kwa ajili ya Windows 11, zile za zamani lazima ziende mahali, na madukani kwetu sehemu kubwa ya bidhaa ni hizo: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, zilizotengenezwa kwa matumizi ya ofisi. Tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa ndiyo inayoamua kama iliyo mbele yako itapokea Windows 11 kihalali au la.

Chukua EliteBook 840. G3 ni ya kizazi cha sita, G4 ni ya kizazi cha saba, na G5 kwa kawaida huja na kizazi cha nane. Kwenye ThinkPad, T460 ni kizazi cha sita, T470 huja na cha sita au cha saba, na T480 kwa kawaida ni cha nane. Kwenye Latitude, 5480 iko nyuma ya mstari na 5490 iko mbele yake. Lakini usiridhike na jina la modeli, maana modeli moja huweza kuuzwa na prosesa za vizazi viwili. Usiridhike na stika pia, kwani stika hubandikwa na kubanduliwa. Mwambie muuzaji awashe mashine, fungua ukurasa wa taarifa za mfumo, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Ukiona i5-8350U, ni kizazi cha nane. Ikiwa tarakimu zinaanza na 10 au 11, kama i5-10210U, ni kizazi cha kumi au cha kumi na moja. Anayenunua gari la mtumba huuliza mwaka na kufungua boneti kabla ya kuhesabu fedha. Kompyuta inastahili uangalifu uleule.

Muuzaji akikuonyesha Windows 11 inayowaka kwenye mashine ya kizazi cha nne, hajathibitisha kwamba mashine hiyo inakubaliwa. Amethibitisha tu kwamba kuna mtu aliyepita mlango wa nyuma, na mlango huo tutauzungumzia hivi punde.

Mashine inayotimiza masharti lakini inakataliwa

Wapo wenye kompyuta za kizazi cha nane au zaidi ambao programu ya ukaguzi ya Microsoft, PC Health Check, huwaambia kwamba mashine zao hazifai. Mara nyingi chipu ya TPM ipo, ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kuwashia kompyuta. Kwenye prosesa za Intel huandikwa PTT, kwenye AMD huandikwa fTPM. Huwashwa kwa kuingia BIOS kabla Windows haijaanza kupanda: F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell, F1 kwenye ThinkPad. Kisha hakikisha mashine inawaka kwa UEFI. Kama Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, Windows 10 ina chombo kiitwacho mbr2gpt kinachoweza kugeuza mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, ila kisitumike kabla ya kuweka nakala ya akiba.

Hapa kuna onyo ambalo halipaswi kurukwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kugusa TPM au BIOS kunaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hupoteza kila kitu kilichomo. Utafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi, uiweke mahali salama, ndipo uendelee.

Kuhama kwenyewe ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Faili la kupakua huzidi GB 5, kwa hiyo ni busara kulipakua penye intaneti isiyo na kipimo na kulihifadhi kwenye flashi. Weka nakala za mafaili yako kwenye diski ya nje, hakikisha betri ya laptopu imejaa au kompyuta ya mezani imeunganishwa na UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza usiwake tena. Baada ya kuhama, Windows hutunza mfumo wa zamani kwa siku 10. Ukiona printa imekataa au programu ya kazi imeanguka, unaweza kurudi ulikotoka ndani ya muda huo. Wenye Windows 10 ya biti 32 hawana njia ya kupandisha moja kwa moja, kwa kuwa Windows 11 haina toleo la biti 32. Kwao ni kupiga Windows upya.

Mlango wa nyuma

Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine iliyokataliwa. Programu ya Rufus, inayojulikana sana na mafundi wetu, inaweza kutengeneza flashi inayoondoa ukaguzi wa TPM na Secure Boot. Zipo pia funguo za rejista zinazofanya kazi hiyo. Mashine ya kizazi cha sita yenye SSD na RAM ya GB 8 huendesha Windows 11 bila taabu kubwa, na hilo ndilo huwavutia wengi.

Tatizo ni la baadaye. Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho. Mpaka sasa viraka vya kila mwezi vimekuwa vikiingia kwa kawaida, lakini matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, na kila toleo lina mwisho wake. Mwenye mashine hulazimika kurudia kazi ya mlango wa nyuma kila toleo linapoisha muda, au kumlipa fundi airudie. Na mlango wenyewe unaweza kufungwa. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 linadai amri fulani za prosesa, ikiwemo POPCNT, ambazo Core 2 Duo hazina. Kwenye mashine hizo haliwaki kabisa, na hakuna ujanja wa rejista unaoweza kuongeza amri ambayo prosesa haikuzaliwa nayo.

Msimamo wangu ni huu. Kwa kompyuta ya nyumbani ya mtu anayeelewa anachofanya na anayeweza kuirudia kazi hiyo mwenyewe, mlango wa nyuma unavumilika. Kwa kompyuta ya zahanati, ya saccos, ya shule, au ya steshenari inayopokea vyeti na vitambulisho vya watu kwenye flashi zao, haufai. Hapo huduma ya watu wengi itakuwa imewekwa juu ya ruhusa ambayo hakuna aliyeitoa.

Kulipia muda

Microsoft iliweka njia ya kuongeza muda wa viraka vya Windows 10. Mtumiaji wa nyumbani hupata viraka hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine lazima iwe kwenye toleo la 22H2, na leseni moja inaweza kutumika kwenye kompyuta hadi 10 za akaunti hiyo. Wakazi wa Ulaya, katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, walipewa bure baada ya vyama vya watumiaji kushinikiza. Hilo linaonyesha kwamba sauti ya pamoja ya watumiaji ina nguvu.

Kwa kampuni na ofisi, bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Ukijumlisha 61, 122 na 244 unapata dola 427 kwa kompyuta moja. Mwenye ofisi alinganishe kiasi hicho na bei ya mashine ya mtumba ya kizazi cha nane kabla ya kusaini. Kwa taasisi za elimu picha ni tofauti kabisa: dola 1, kisha 2, kisha 4, jumla dola 7 kwa miaka mitatu. Mkuu wa shule mwenye chumba cha kompyuta za kizazi cha sita na bajeti finyu ana sababu nzuri ya kuuliza kama shule yake inastahili bei hiyo, kwani inampa hadi Oktoba 2028 kujipanga.

Muda ulionunuliwa una maana kwa mwenye mpango tu. Anayelipa bila kujua atafanya nini utakapoisha atajikuta palepale, akiwa na fedha pungufu.

Njia ya Linux

Mashine iliyokataliwa na Windows 11 ina njia nyingine kamili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kwa kompyuta nyingi za zamani zilizopo shuleni, majumbani na kwenye ofisi ndogo. Linux Mint 22, iliyotoka 2024, itapata viraka hadi 2029. Haina orodha ya vizazi vya prosesa. Inataka biti 64, RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ikipendekezwa, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Faili lake la kupakua ni takribani nusu ya lile la Windows 11. Mpangilio wake, wenye menyu kona ya chini kushoto na upau wa kazi chini ya skrini, haumpotezi mtu aliyezoea Windows.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuijaribu bila kufuta chochote. Mfumo huwaka kutoka kwenye flashi, nawe ukakagua kila kifaa kabla ya kuamua. Fanya ukaguzi huo kwa mpangilio: unganisha Wi-Fi, cheza video usikie sauti, fungua kamera, chapisha ukurasa mmoja, funga kifuniko cha laptopu ilale kisha uiamshe. Kadi nyingi za Intel za Wi-Fi hutambuliwa papo hapo. Baadhi za Broadcom hudai draiva ya kuongezwa. Printa nyingi za HP hukubali bila shida, baadhi ya Canon za leza huleta usumbufu. Visomaji vya alama za vidole mara nyingi hukwama.

Kwa nyaraka ipo LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Imetokana na OpenOffice, programu ambayo Kiswahili kina historia nayo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo lenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba programu huria zinaturuhusu kuzigeuza zitufae bila kuomba kibali cha kampuni ya ng'ambo. Ni mlango ambao vyuo vyetu vingeweza kuufungua tena kwa nguvu zaidi.

Lazima nitaje pia mahali Linux inaposhindwa. Microsoft Office ya kusakinisha na Photoshop hazina toleo la Linux. QuickBooks ya mezani na Tally, zinazoshikilia vitabu vya wafanyabiashara wengi, ni za Windows. Fomu za Excel zenye makro huweza kuvurugika ndani ya LibreOffice. Mhasibu anayeishi ndani ya programu hizo asilazimishwe kuhama. Anunuliwe mashine inayokubali Windows 11. Lakini tazama kazi za watu wengi zilivyo: kivinjari, barua pepe, mikutano ya video, kuandika, kusoma PDF, kuchapisha. Hizo zote Linux inazifanya, na virusi vingi vinavyosambazwa na flashi za mtaani vimeandikwa kwa ajili ya Windows.

Kwa shule ambayo kazi zake zote ziko mtandaoni, ipo pia ChromeOS Flex ya Google, inayowaka kwenye mashine za biti 64 zenye RAM ya GB 4. Udhaifu wake kwetu ni kwamba mtandao ukikatika, kazi nyingi husimama. Na mwenye mashine ya biti 32 tupu ajue kwamba milango inafungwa: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo, na Debian 12 itapata viraka vya muda mrefu hadi Juni 2028.

Fedha ndogo yenye faida kubwa

Kabla ya kulaumu mfumo kwa uzito, angalia diski. Windows 10 na 11 hufungua na kuandika mafaili madogo bila kupumzika, na diski ya kuzunguka, yenye sindano inayohama huku na huko, haiwezi kasi hiyo. Kuibadilisha kwa SSD ndiyo tiba inayobadilisha mashine ya zamani kuliko nyingine yoyote. Hatua ya pili ni RAM. GB 4 zilizoandikwa kwenye masharti ya Windows 11 ni za kuwashia mfumo. Ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa, mashine inaanza kukwama. GB 8 ndizo za kufanyia kazi. Kagua kwanza kama RAM inachomolewa, kwani kwenye laptopu nyembamba mara nyingi huwa imechomelewa kwenye bodi.

Ikiwa betri imekufa, feni inapiga kelele na bawaba za skrini zimevunjika, hesabu gharama zote pamoja kabla ya kununua chochote. Matengenezo yakikaribia bei ya mashine nyingine, acha.

Taka za nani?

Desemba 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 huenda zikaishia kuwa taka kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Umoja wa Mataifa ulihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au la, zisivushwe mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini kompyuta inayowaka huitwa bidhaa, haiitwi taka, na ndani ya kontena moja mpaka kati ya hizo mbili ni mwembamba.

Ndiyo maana uamuzi wa mfumo endeshi ni suala la umma. Mashine ya kizazi cha sita ikiwekewa Linux na SSD ni chombo cha kufundishia kwa miaka kadhaa. Ikiachwa na Windows 10 isiyo na viraka ni mlango wa wizi, na ikitupwa ni madini yenye sumu kwenye dampo. Shule na mashirika yanayopokea misaada ya kompyuta yawe na ujasiri wa kumuuliza mtoaji maswali mawili kabla ya kusema asante: ni prosesa ya kizazi gani, na mfumo uliomo utapata viraka hadi lini? Msaada usiojibu maswali hayo unaweza kuwa mzigo uliohamishwa kutoka ghala la mtu mwingine.

Hukumu

Kwa kifupi, mambo yakae hivi. Mwenye mashine ya kizazi cha nane au zaidi ahamie Windows 11, aweke nakala za akiba kwanza, na ayaache masasisho yaingie. Mwenye mashine iliyokataliwa, ambaye kazi zake ni za kivinjari na nyaraka, ahamie Linux. Mwenye mashine iliyokataliwa na programu isiyo na mbadala atumie muda wa ziada kukusanya fedha za mashine nyingine. Mnunuzi wa mtumba asome namba ya prosesa kabla ya kulipa. Na wewe unayesimamia kompyuta za wengine, iwe shuleni, zahanati, saccos au dukani, fanya orodha wiki hii: kila mashine, prosesa yake, mfumo wake, na tarehe ambayo viraka vyake vitakoma. Mashine isiyopata viraka isiruhusiwe kugusa fedha wala siri ya mtu mwingine.